Ua la Swila Nyuma ya Nyumba ya Afande

Siku niliyoanza kazi ya bustani katika hoteli moja ya Kasese, msimamizi wetu hakunipa jembe. Alinipeleka nyuma, penye miparachichi mikubwa iliyoziba jua, akaniambia nisifagie hata jani moja. Jua la Kasese linakausha kila kitu, alisema. Majani yanayooza chini ya mti ndiyo mboji, na mboji ndiyo chakula cha mimea inayopenda kivuli. Nilikuwa mjane mtu mzima, na mikono yangu ilikuwa imezoea kahawa na mihogo tu. Nilishangaa kwamba kuna mtu analipwa kwa kutunza mahali pasipofika jua.

Msimamizi huyo ndiye aliyenionyesha ua la swila. Alikuwa amelitoa kwenye kipande cha msitu kilichobaki katika shamba la shemeji yake, huko juu Bugoye. Shina lake lina madoa kama ngozi ya nyoka. Jani hufunguka kama mwavuli, na chini yake hutokea ua lililojikunja, lenye kofia kwa mbele, hasa kama swila aliyeinua kichwa. Likishapita, huacha matunda mekundu yaliyobanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kiangazi kikiingia mmea wote hunyauka na kutoweka, kikabaki kiazi tu ardhini, kimelala hadi mvua zirudi. Kiazi hicho, alinionya, ukikitia mdomoni kinachoma kama sindano na koo linavimba.

Nilijifunza kukipanda kina cha kiganja, katika udongo mweusi usiotuamisha maji, kisha kukifunika kwa matandazo, yaani majani makavu yanayohifadhi unyevu. Wageni walilipiga picha ua lile. Wapishi walizunguka mbali ili wasipite karibu nalo.

Hoteli ilipouzwa, mwenye mali mpya aliweka saruji pale penye kivuli. Nilirudi kwetu Bwera na viazi vyangu ndani ya kikapu, nikapata kazi ya bustani katika kambi ya askari iliyokuwa jirani. Mkuu wa kambi alikuwa Afande Meja, mtu wa kusini, mpole wa maneno. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na miti mirefu na baridi nzuri ya udongo. Alinikubalia nipande swila pale, na kila Jumapili alikuja na kiti chake kutazama. Mimi mwenyewe nilizunguka nyumba za askari nikawaonya wake zao kuhusu kiazi.

Kisha Meja akahamishwa. Akaja Afande Kapteni, na pamoja naye familia nyingi mpya kutoka pande zote za nchi. Ilikuwa kiangazi. Pale penye swila hapakuonekana kitu ila majani makavu, nami sikuzunguka tena kuwaonya.

Miaka ile haikuwa miaka ya amani kwetu. Milio ya risasi ilikuwa imesikika milimani, na watu walikuwa wamekufa, raia na askari. Ukisimamishwa barabarani ulijieleza kabla hujaulizwa. Mimi, Mkonzo, mtu wa kabila la hapo milimani, niliyeingia kambini asubuhi na kutoka jioni, niliogopwa pande zote mbili. Majirani waliniona mtu wa askari, na askari wageni waliniona mtu wa milimani. Nilijizoesha kutembea taratibu, mikono ikionekana.

Mchana mmoja nilikuwa namwagilia vitalu, vile vitanda vidogo vya kuoteshea miche, askari wawili wakaja.

"Wewe mama bustani, twende. Afande anakuita."

Niliuliza kuna nini. Mmoja alichukua jembe langu, akalishika kama mtu anayemnyang'anya mwenzake silaha.

Ofisini kwa Kapteni, juu ya meza, kulikuwa na sufuria. Ndani yake niliona viazi vya swila, vimemenywa na kuchemshwa. Nesi wa kambi, binti mwenye cheo cha koplo, alinieleza kwa haraka. Mama Okello, mke wa askari mmoja aliyehamia juzijuzi kutoka kaskazini, alikuwa ameonja chakula kabla ya kuwapakulia watoto. Sasa mdomo umevimba, mate yanamtiririka, hawezi kusema. Watoto walikuwa hawajala. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo, kisha nikaona jinsi Kapteni alivyokuwa akinitazama.

"Wewe ni mtu wa hapa?" aliuliza.

"Ndiyo, afande."

"Nani alikutuma kuweka sumu karibu na askari wangu?"

Nilimweleza kwamba ni ua, kwamba Afande Meja alilijua na kulipenda.

"Meja hayuko," alisema. "Mimi niko."

Nilimwomba nesi ampe mgonjwa maziwa baridi, amsukutue mdomo, asimtapishe, maana kiazi kikirudi juu kitamchoma koo upya. Nesi alisema ndivyo alivyotaka kufanya, lakini mume wa mgonjwa alikuwa amesimama na bunduki mlangoni pa chumba cha wagonjwa, hataki mtu amguse mkewe kwa ushauri wangu. Nilimwona kupitia dirisha la ofisi. Alikuwa kijana, na alikuwa analia.

Kapteni alisogeza sufuria mbele yangu. "Unasema haiui. Kula."

Nimewahi kuogopa mara nyingi, lakini siku ile niliogopa hadi masikio yakaziba. Nilijua kipande kidogo hakiui. Nilijua pia kwamba koo likivimba sana pumzi hukosa njia, na mimi sikuwa kijana. Na nikikataa, kila mtu chumbani atakuwa amepata jibu lake. Nilichukua kipande cha ukubwa wa kucha, nikakitafuna.

Mwanzoni hakikuwa na ladha. Kisha ulimi ukashika moto, kama nimetafuna vioo vilivyosagwa, na mate yakajaa nisiweze kuyameza. Nilishikilia meza. Sikusikia tena maneno, niliona tu uso wa Kapteni ukibadilika.

"Tema," alisema. Kisha akarudia kwa sauti ndogo, "Tema, mama."

Nesi alimwita yule kijana mwenye bunduki, akanipa maziwa mbele yake, nikanywa, nikabaki nimesimama. Ndipo akakubali, wakampelekea mkewe.

Nililala kota gadi, chumba cha kufungia askari wakosaji, mdomo ukinipwita. Hakuna aliyeniambia kama Mama Okello yuko hai. Kila mara buti zilipopita nilifikiri zinakuja kwangu.

Asubuhi mlango ulifunguliwa, na aliyesimama pale alikuwa Mama Okello mwenyewe, nesi amemshika mkono, midomo yake ikiwa bado mikubwa kama yangu. Alikuwa ametoka kwa Kapteni. Alikuwa amemwambia kwamba alichimba mwenyewe nyuma ya nyumba ya afande, alipokuwa akitafuta mahali penye unyevu pa kupanda mboga, akadhani ni magimbi yaliyoachwa na walioishi nyumba ile zamani.

"Mama, mimi naogopa hii kitu," aliniambia, maneno yakimtoka kwa taabu. "Lakini naogopa zaidi vile walikufunga kwa sababu yangu."

Kapteni hakuniomba radhi, wala sikutarajia. Aliamuru swila yote ing'olewe siku ileile. Niling'oa, na Mama Okello akainama kando yangu akachambua udongo kwa kijiti. Tulichoma kila tulichokiona.

Lakini kiazi cha swila huzaa vitoto vidogo kama punje za maharage. Mvua zilipoanza, nilikuta ncha zenye madoa zimetoboa majani makavu palepale. Ningeweza kuzikata bila mtu kujua, na zingeota tena mbele ya mtu mwingine. Nilikwenda ofisini.

"Afande, imerudi," nilisema.

Kapteni alitoka, akainama kuzitazama, mikono nyuma. Nilisubiri aite askari. Akauliza, "Umekuja kuniambia mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema waya iko stoo, nizungushie, na kila familia inayohamia ionyeshwe kabla haijafungua mizigo.

Kazi hiyo niliifanya hadi magoti yaliponistaafisha. Sikuwa na lugha ya kila mtu mle kambini, kwa hiyo Mama Okello alifuatana nami mlango hadi mlango. Yeye alizungumza, mimi nilishika kiazi mkononi. Wengine walitucheka. Wengine waliwavuta watoto wao ndani.

Ninyi vijana mnaonisikiliza, mnaoanza kazi hii ya bustani, mtafundishwa mboji, kivuli na mbegu. Jifunzeni pia ni nani anayekula karibu na mnapopanda, na anatoka wapi. Mimi sasa nina swila chache kando ya nyumba yangu Bwera, ndani ya uzio wa miti. Kila mvua, nikiona ncha ya kwanza, moyo wangu hushtuka, na mkono hunipanda mdomoni. Nasubiri mpaka pumzi itulie. Kisha napiga magoti, naondoa jani kavu lililoielemea.