Sokwe Asiyeonyesha Miguu

Mkanda wa kamera ukilowa jasho hunuka ngozi na chumvi. Nikiipata harufu hiyo hapa studio kwangu, Mpanda mjini, chini ya stashahada niliyoitundika mahali ambapo kila mteja lazima aione, narudi utotoni.

Mtaani kwetu walisema mtoto wa kata ya Misunkumilo hatafika popote na kamera. Nimesoma Dar, nimerudi, na kama yupo anayenizidi mkoa huu mleteni. Lakini nyie mnaonisoma niwaambie ukweli: dharau ile ilianza kumpata baba yangu kabla yangu.

Baba alikuwa mpiga picha wa harusi na kipaimara. Siku moja meneja wa hoteli iliyoko msituni, kwenye milima iliyo juu ya Ziwa Tanganyika, alimwita akapige picha za sokwe. Zikimpendeza, angemwajiri moja kwa moja awe anawapiga picha wageni. Mtaa ulicheka. Mama Shija, jirani yetu, alimuuliza, "Baba Feliki, hao sokwe utawafunga tai na nani?"

Mama alikuwa amejifungua na shule zimefungwa, basi baba akaondoka na mimi.

Hoteli ilikuwa ya mbao, na asubuhi ukungu uliingia mpaka kitandani. Sikutulia hata kidogo. Tawi likivunjika naruka, ndege akilia nakimbilia dirishani, chai inapoa mezani. Nilitaka baba apate ile kazi, Mama Shija anyamaze.

Tatizo lilikuwa sheria ya baba. Kwetu picha ni mtu mzima, kutoka kichwani hadi kwenye viatu. Ukimkata mteja miguu anakurudishia picha na kukuuliza kama unamtakia ulemavu. Sheria hiyo baba aliipeleka msituni. Tulipanda mlima na Lameck, mwongoza wageni, barakoa usoni ili tusiwaambukize sokwe mafua. Sokwe alikaa nyuma ya majani, uso nje, mkono umeshika tunda, na baba akashusha kamera.

"Bado. Miguu haionekani."

Lameck alicheka kimyakimya mpaka barakoa ikatikisika. "Mzee, huyu hajaja studio."

Tulirudi hotelini na picha za migongo na matawi. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya mwisho tukamkuta sokwe jike amempakata mtoto, na mtoto anatutazama sisi. Kiunoni kwenda chini majani matupu. Siafu walikuwa wamenipanda, mkojo umenibana, nikawa nanong'ona, baba piga, baba piga. Aliinua kamera, akaishusha. Kisha akauvua mkanda shingoni kwake, akanivisha.

"Piga wewe. Mimi siwezi kumkata mtu miguu."

Nikabonyeza.

Jioni, jikoni wanakaanga migebuka wa ziwani, meneja alizipitia picha harakaharaka kwenye kioo cha kamera. Alipofika kwenye ile, akasimama. Akamwita mpishi aje aone. Akamwambia baba kwamba hiki ndicho alichokuwa anakitafuta, na kwamba waongee habari za kuanza kazi.

Baba alinitazama kidogo. "Kapiga huyu," akasema.

Meneja alicheka, akidhani ni utani. Halafu akaacha kucheka. Picha ilichapishwa ikabaki ukutani pale hotelini, kazi hatukuipata. Njia nzima ya kurudi nyumbani, juu ya lori, mpaka tunapita Kabungu, nilijisifu kwa abiria kwamba nimemshinda baba, naye akawa anawathibitishia.

Miaka mingi niliamini alikosa kazi kwa kuwa hakujua kupiga. Nilikuja kuelewa nilipopata mteja wangu mkubwa wa kwanza, akaisifia picha iliyopigwa na kijana wangu wa studio, akidhani ni yangu. Neno "mimi" lilikuwa limeshanifika mdomoni. Baba naye lilimfika siku ile mbele ya meneja, na nyumbani kuna mtoto mchanga. Angelisema tu, wala mimi nisingeshangaa. Mkanda ule ulikuwa wake.