Pakiti ya Biskuti

Alikuwa amevuka jangwa la Nullarbor kwa baiskeli, peke yake, katika mashindano, na sasa pakiti ya biskuti ilimshinda. Alisimama kaunta, maana makalio hayakutaka kusikia habari za kiti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akajaribu meno, akajaribu goti. Noreen, mwenye mgahawa, akanyoosha mkono.

"Usiguse, mama! Nikipewa msaada ambao wengine hawapewi, natolewa mashindanoni."

"Makubwa!" Noreen akapaza sauti. "Haya, leo kila mteja anafunguliwa pakiti yake!"

Dereva wa lori, mwenye mikono kama majembe, akanung'unika, akampa Noreen karanga zake azifungue. Shujaa wa baiskeli akachungulia kuhakikisha zimefunguliwa kweli, ndipo akapanga foleni.