Vigingi vya Abu Hamour

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa nyundo, ndoo na onyo. Mkuu wa uwanja, ambaye sote tulimwita Mudir, alinipeleka kwenye kiwanja cha kriketi cha kampuni pale Abu Hamour, akanionyesha kipande cha udongo ulioshindiliwa katikati ya mchanga. "Hapa mtu akiumia, nitakuuliza wewe," alisema, kisha akarudi kwenye gari lake. Nilikuwa nimetoka Tanga miezi miwili tu kabla. Jioni ile niliushika mpira wa kriketi kwa mara ya kwanza, mgumu kama jiwe, na mshono wake ukanikwaruza kidole. Niliuogopa, na sikuacha kuuogopa miaka yote niliyokaa Doha.

Nyinyi mnaotunza viwanja vya nyasi huko Lusail hamkulijua jamvi. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili sisi tulishindilia udongo kwa gogo la chuma la kuviringisha, tukaumwagia maji, ukikauka tukatandika juu yake jamvi refu la makumbi, makumbi yaleyale bibi yangu aliyosokotea kamba. Mrushaji hukimbia, huupigiza mpira kwenye jamvi, nao huruka kumwendea mpigaji. Jamvi likikazwa, mpigaji anaweza kukisia utakakofika. Likiwa na mkunjo mmoja, hakuna ajuaye. Kwa hiyo tulilikaza pembeni kwa vigingi vya chuma.

Kazi ya Ijumaa ilikuwa na adha yake. Mechi ilianza asubuhi, ikasimama kwa swala, ikaendelea baadaye. Katika saa hizo jua lililikausha jamvi likalegea, na kila kigingi kilipaswa kupigwa upya.

Aliyenifundisha hayo ni Kocha, Mhindi mrefu mwenye bega moja lililoshuka, aliyewahi kurusha mpira kwa timu ya taifa lake. Alinisimulia maisha yake vipande vipande, tukiwa tumepiga magoti kila mmoja upande wake wa jamvi. Alikulia katika mji wa viwanda vya nguo, akajifunza kurusha kwenye uwanja wa kuanikia vitambaa vilivyotiwa rangi. Ukikosea, mpira unachafua kazi ya watu, nawe unachapwa. Hapo ndipo alipoipata shabaha yake. Aliitwa timu ya taifa akiwa hana hata viatu vyake mwenyewe vya kuchezea, akaazima. Alisafiri misimu kadhaa, magazeti yakamwandika. Kisha siku moja, ugenini, mpira wake ulidunda kwenye ufa mdogo ukaruka na kumvunja mpigaji taya.

"Nilisikia mlio," aliniambia. "Uwanja mzima unapiga kelele, mimi nasikia mlio ule tu."

Tangu siku hiyo miguu yake ilipunguza mwendo hatua chache kabla ya kuuachia mpira. Nahodha aliona, wateuzi wakaona. Hawakumwita tena, na mwisho akaja Doha kufundisha na kuchezea timu ya kampuni.

Ndiyo maana tuliwekeana kanuni. Kabla ya mpira wa kwanza wa kila kipindi alisimama mbali, pale anapoanzia kukimbia, akanitazama. Nikiinua mkono, jamvi ni salama. Mkono ukibaki chini, harushi, hata Mudir akasirike vipi.

Wanjala, mlinzi wa getini kutoka Bungoma, alitucheka. "Buda, nyinyi wawili mnapigiana saluti kama wanajeshi," alisema. "Siku moja utajikuna kichwa hivi, na jamaa aue mtu."

Miaka ikapita. Ijumaa moja Mudir alileta wageni, wakubwa wa kampuni, kutazama timu yetu iliyogawanywa pande mbili, wakaketi chini ya turubai. Mimi nilichelewa kutoka msikitini. Hotuba ilikuwa ndefu, na nilipotoka mtu alikuwa ameondoka na viatu vyangu. Nilifika uwanjani na ndala za kuazima, nikaanza kupiga vigingi. Mudir akaja kusimama juu ya kichwa changu.

"Hamadi, wageni wanangoja kwa sababu yako."

"Bado vitatu, Mudir. Upande huu."

"Vinaonekana vimesimama. Bataka yako bado unaipenda?"

Bataka ni kitambulisho cha ukaazi. Bila hicho huna kazi wala kitanda, na mwaka ule Mudir alikuwa amekwisha kuwarudisha kwao watu wawili. Nilivigusa vigingi kwa ncha ya ndala. Havikutikisika. Nikachukua nyundo yangu nikatoka.

Kocha alisimama mbali akanitazama. Nyuma yangu nilisikia funguo za Mudir zikichezacheza. Niliinua mkono.

Mipira mitatu ilikwenda vizuri. Kocha alipogeuka kuurusha wa nne, niliona kigingi cha kati kimeinuka na jamvi limejikunja, mkunjo mwembamba kama mdomo unaotaka kusema. Alikuwa ameshaanza kukimbia. Nilikuwa na muda wa kupiga kelele, nami sikupiga.

Mpira uligonga mkunjo, ukaruka na kumpiga mpigaji jichoni. Alikuwa Sunil, fundi umeme wetu kijana, amevaa helmeti isiyo na wavu wa uso. Hakulia. Aliketi chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa angoje. Madaktari hawakuweza kuliokoa jicho lake la kushoto.

Mudir alituuliza mbele ya wageni wake. "Jamvi?"

"Lilikuwa sawa," nilisema.

"Mkono wangu ulikosea," akasema Kocha. Alimkabidhi mwamuzi mpira, na hakurusha tena maishani mwake.

Sunil alipopona alirudi kazini, akawa anakuja kututazama Ijumaa akiwa na miwani myeusi. "Hamadi bhai, ndugu yangu," aliniambia kila mara, "jamvi zuri leo." Niliogopa kwamba anajua. Baadaye niliogopa zaidi kwamba hajui.

Nilistaafu miaka michache baadaye. Siku yangu ya mwisho nilitandika jamvi, nikakipiga kila kigingi mara mbili. Kocha alikuja, magoti yake hayakunjiki tena, akasimama. Nilimwambia yote: ndala, vigingi vitatu, funguo za Mudir.

Akasema, "Mkunjo niliuona."

"Lini?"

"Hatua tatu kabla. Miguu ilitaka kusimama. Nikafikiri, wageni wale watasema yule mzee bado anaogopa. Nikailazimisha. Tangu lile taya, Hamadi, ule ndio mpira pekee ambao sikuupunguzia mwendo."

Vijana huniuliza kazi ile ilihitaji nini, nguvu au ujuzi. Nawaambia ilihitaji woga. Siku ile tulikuwa nao wa kutosha, mimi na Kocha, lakini mimi nilimwogopa Mudir na yeye aliwaogopa wageni. Hakuna aliyemwogopea Sunil.

Tulipomaliza kuzungumza, Kocha alitembea polepole hadi pale alipokuwa akianzia kukimbia. Hakuwa na mpira. Uwanja ulikuwa mtupu. Aligeuka, akanitazama, akangoja.

Jamvi lilikuwa limekazwa kama ngozi ya ngoma, lakini ishara yangu ilikwisha kusema uongo mara moja. Mkono wangu ulibaki chini.