Siku Niliyowasingizia Samaki wa Mkwe

Jamani, hii habari nilishaapa nitaizika, lakini kwa kuwa video imeshazunguka kwenye simu za nusu ya Kariakoo na kila mtu anaisimulia anavyojua yeye, bora niisimulie mimi mwenye mguu wenyewe. Ndiyo, mimi ndiye yule mama wa gauni la zambarau anayenyoosha kidole mbele ya wakwe zake na kusema samaki wao wameoza. Samaki hawakuwa wameoza. Aliyeoza nilikuwa mimi.

Wanaonijua wananiita Mama Foronya. Nauza mashuka na foronya kwenye kona moja ya Mtaa wa Kongo, na mdomo wangu unajulikana kuliko hayo mashuka. Sukari ninayo miaka mingi (ninayo kama mwenzangu alivyo na mume mlevi, upo naye tu, siku ukimkumbuka unamsema, siku ukimsahau maisha yanaendelea). Vidonge nilikuwa nameza nikivikumbuka, kliniki naenda Salma akinivuta mkono, na Salma ndiye mwanangu wa pekee. Miguu nayo ilishaingia ganzi kitambo. Kuna siku nimetoka Msimbazi mpaka dukani na kandambili moja, nyingine imenivuka njiani wala sina habari, kijana wa mkokoteni ndiye aliyenikimbilia nayo akanambia mama umeacha kiatu chako kwenye maji machafu kule. Nikacheka nikasema uzee huo.

Sasa, harusi ya Salma ilipokaribia nikakata sugu kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, kwa wembe, kama nilivyozoea. Hakikuuma. Hapo ndipo balaa lilipokaa, maana kidonda kisichouma unakiogopa vipi? Nikakifunga kitambaa nikaendelea kugombana na wapishi na watu wa turubai, nacho huko chini kikawa chekundu, kikawa kama zambarau, halafu ncha ya kidole ikaanza kuwa nyeusi. Kumwambia Salma sikuthubutu. Namjua mwanangu, angeahirisha kila kitu aniburute hospitali, na ndugu wa Tanga walishapanda basi.

Kilichoninyima usingizi wala hakikuwa kidonda. Siku ya shughuli, kabla ya ndoa, wakwe wanamvisha mama: unakalishwa kwenye kiti katikati ya busati, unafungwa doti za khanga huku wanawake wanaimba, na wakwe zangu hawa walishatuma salamu kwamba kwao ni lazima mama avuliwe viatu alivyokuja navyo, avishwe makubazi mapya kwa mkono wa mama wa bwana harusi mwenyewe. Kwa hiyo vidole vyangu vitaonwa na ukoo mzima, na mimi huyu ninayewasema watu wote wa mtaa wetu wa Gerezani kwa uchafu, nitaonekana nina kidole cheusi.

Basi Ijumaa akaja binti wa kutupaka piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia mikono na miguu, ambayo ikishashika haitoki leo wala kesho. Akanichorea maua mazuri tu, alipofika kwenye kile kidole akasita, akasema mama, hapa pana kidonda. Nikamwambia ni kiatu kimenibana, na nikamwambia aachane na maua, anipake vidole vyote viwe vyeusi tii, apande mpaka katikati ya mguu, na mguu wa pili afanye vilevile ili ifanane. Akapaka. Nikajitazama nikajisifu kabisa, nikasema leo nani atajua. Uamuzi wenyewe ndio huo, haukuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai.

Jumamosi alasiri tukafunga uchochoro wetu kwa turubai, wanawake wamejaa, muziki juu, joto la kukaanga mtu. Mimi nimevaa viatu vya kufunika vidole, ndani nimekandika pamba, nimejifukiza udi. Wakwe wakaingia na vigelegele. Mama wa bwana harusi anaitwa Bi Mwatumu, mtu wa Mtwara, mtaratibu, anakaanga samaki kule soko la Feri miaka yote (na nikiri hapahapa kwamba jambo hilo lilikuwa limenikaa kooni, nilitaka mwanangu aolewe kwa watu wa maduka). Akaja na hotipoti kubwa ya samaki, akaiweka karibu na mimi kwa heshima, akakaa pembeni yangu.

Haikupita muda nikasikia harufu. Mwanzoni inakuja inaondoka, mara ikatulia, nzito, tamu tamu, ya kukuziba koo. Nikatazama huku na huku, nikaona na wenzangu wanajipepea na ncha za khanga. Macho yangu yakaangukia kwenye hotipoti. Mtu mwenye akili angenyamaza amwite mtu jikoni. Mimi nikasimama. Nikanyoosha kidole, na simu zilishainuliwa kwa ajili ya kurekodi ngoma, nikasema kwa sauti iliyouzia mashuka miaka yote hiyo kwamba samaki hawa wameoza, waondolewe kabla hawajatuulia wageni. Muziki ukazimwa. Bi Mwatumu akanitazama, halafu akaangalia chini, akajibu polepole kwamba samaki wale amewakaanga asubuhi ileile. Nikamwambia pua zangu hazijafa. Hotipoti ikabebwa mpaka jalalani, Salma ananitazama kutoka mlangoni, machozi yanamlengalenga.

Samaki wakaondoka, harufu ikabaki.

Nikahamia kiti cha upande wa pili, ikanifuata. Nikaenda mpaka mlangoni kujifanya nakagua sahani, ikawa nami. Mwili ukaanza kunitetemeka, jasho la baridi, kiu ya ajabu, na moyoni kuna kitu kinanambia kaa kimya, Mama Foronya, usiseme tena neno. Ndipo mama mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba sasa tunamvisha mama.

Ningekimbia, ila ningekimbilia wapi? Nikakalishwa. Wakanifunga khanga, wakaimba, Bi Mwatumu akapiga magoti mbele yangu na makubazi mapya mkononi, mtu niliyetoka kumdhalilisha, akakishika kiatu changu cha kulia akakivuta. Kiatu kikatoka na pamba, pamba ikatoka na ngozi. Wanawake wa mbele wakarudi nyuma wote kwa pamoja, mmoja akatapika kwenye busati, na wimbo ukafia midomoni mwao. Mimi sikusikia maumivu yoyote. Nilikuwa nautazama mguu wangu kama naangalia mguu wa mtu mwingine.

Bi Mwatumu ndiye pekee ambaye hakuziba pua. Alichukua khanga mpya aliyokuja kunifunga, akaufunika mguu wangu, akaushika kwa mikono miwili.

"Mkwe, usiangalie chini," akanambia. "Niangalie mimi. Tunaondoka."

Hospitalini tukapokelewa na daktari wa upasuaji, dada mmoja mwembamba, akanipa shikamoo yangu vizuri, akafunua khanga. Walipopima sukari muuguzi aliitazama mashine mara mbili. Nikatundikiwa dripu, nikachomwa insulini, mguu ukapigwa picha. Halafu daktari akaanza kunipangusa kwa spiriti. Akapangusa, akapangusa, pamba inatoka safi. Akauliza hii nyeusi ni nini. Nikamwambia piko. Akauliza imeanzia wapi na kuishia wapi. Nikamwonyesha katikati ya mguu.

Yule dada akakaa chini, na alivyokaa ndivyo nilivyoogopa. Akanieleza bila kunigombeza (afadhali angenigombeza) kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, ndiyo maana sisikii, na inaharibu mishipa ya damu, na nyama isiyopata damu inakufa. Yeye anaita tishu, na mimi kwa ujinga wangu nikawa nawaza zile tishu za kufutia mikono. Dalili yake kubwa ya kujua iliyokufa inaishia wapi na iliyo hai inaanzia wapi ni rangi. Rangi hiyo nimeifunika mwenyewe kwa piko. Akachukua sindano akawa ananidonoa, unasikia hapa? Hapana. Na hapa? Hapana. Akanidonoa mguu wa kushoto, ule mzima, nao hapana. Kwa hiyo kwa macho haoni na kwa maumivu simwambii kitu.

Nikamuuliza kwa nini asinipe tu dawa kali.

"Dawa inasafiri na damu, mama," akasema. "Pale palipokufa damu haifiki, na dawa haifiki. Lazima tukate, na lazima iwe kesho."

Akaweka kidude kidogo juu ya mguu, kile cha kusikilizia mishipa, kikawa kinakwaruza tu, akakisogeza, kikakwaruza, mpaka karibu na kifundo ndipo ikasikika shwii, shwii, hafifu. Akasema damu inafika mpaka hapo, kwenda mbele yake hana hakika. Nitie sahihi kwamba wataanza na kidole, wakikuta kumekufa wataendelea juu, na huko juu hakuniambia mwisho wake. Mimi mtu wa kusimama dukani kutwa nzima. Nikashika kalamu, nikatia sahihi iliyopinda.

Salma akataka ndoa iahirishwe. Nikamkatalia katakata, nikamwambia olewa, hata nikiingia kwako kwa magongo nitaingia, kisha alipotoka nikageukia ukutani nikalia kama mtoto. Nilidhani niko peke yangu. Bi Mwatumu alikuwa bado kwenye benchi, na gauni lake la shughuli. Nikamwomba radhi ya samaki.

"Nilijua tangu nilipokaa pembeni yako," akasema. "Samaki ana shombo yake. Harufu ile niliijua, mama yangu alikufa nayo mguuni."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali samaki wake watupwe. Akasema alikuwa anangoja anivue viatu, aone, aninong'oneze tukiwa karibu, maana angesema mbele za watu nisingemsikiliza. Na kweli nisingemsikiliza, ningemtukana na Mtwara yake yote.

Jumapili asubuhi, watu wa kwetu wanajiandaa kwenda msikitini kufunga ndoa, mimi naingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Sindano nilichomwa mgongoni, kwa hiyo kuanzia kiunoni nimekufa ganzi lakini kichwa kiko macho, mbele yangu wametundika kitambaa cha kijani nisione. Kusikia nasikia. Daktari alishanambia kwamba nyama hai ikikatwa inatoa damu na iliyokufa haitoi, kwa hiyo ataifuata damu. Mtu mzima nimelala pale namwomba Mungu nitoke damu.

Nikasikia vyuma. Nikasikia kitu kimedondoka kwenye sahani, nikajua kidole kimeenda. Muuguzi akauliza, "Bado?" Daktari akajibu, "Bado." Vyuma tena. Nikaanza kuhesabu vitu nitakavyoshindwa, ngazi za stoo, foleni ya choo cha sokoni, kuswali nikiwa nimesimama. Kikadondoka kingine. "Hapa?" muuguzi akauliza. "Pakavu," daktari akajibu, "napanda kidogo." Hilo neno panda lilinipasua moyo, nikaona wanapanda nalo mpaka gotini. Nikang'ata shuka (hata pale niliona kwamba ni shuka la pamba hafifu, biashara ni ugonjwa) nikafumba macho.

Vyuma vikalia tena.

"Damu hiyo," daktari akasema. "Nyekundu, nzuri. Tunaishia hapa."

Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo, hata siku nilipoambiwa nimezaa mtoto wa kike. Nililia mpaka mtu wa dawa ya usingizi akanifuta pua. Vidole viwili vimeenda, kidole gumba na jirani yake, na kipande cha nyama pembeni. Mguu upo. Nilipotolewa nje Bi Mwatumu akainuka kwenye benchi, akanambia ndoa imefungwa, na yeye wala hakuwa ameenda kumvisha mwanawe kanzu.

Kidonda kilichukua miezi kupona, na piko kwenye vidole vilivyobaki ilikaa wiki kadhaa inanicheka. Wateja wapo hadi leo wanaokuja dukani wanavuta hewa puani halafu wanaulizia bei ya foronya. Nawauzia hivyohivyo. Vidonge nameza kila siku, kliniki najipeleka, wembe nimeupiga marufuku nyumbani, na kila asubuhi naweka kioo sakafuni naangalia nyayo zangu kabla sijaangalia uso. Piko miguu yangu haitaigusa tena, hata aolewe nani.

Lakini macho yangu yameanza kuwa mabovu, hiyo nayo ni sukari, na Bi Mwatumu hakiamini kile kioo. Kila Ijumaa akitoka Feri anapitia kwangu na hotipoti. Haifungui kwanza. Anaiweka chini, anakaa, ananivua kiatu, anauinua mguu wangu mpaka usoni kwake, ananusa polepole huku amefumba macho, na mimi hapo nimebana pumzi nangoja.

"Leo tule," anasema, ndipo anafunua samaki.