Begi Alilolipanga Bibi

Wiki iliyopita alikuja mtaalamu ofisini kwetu Dar es Salaam kutufundisha kupanga begi la dharura, lile unalolinyakua ukiambiwa toka nyumbani sasa hivi. Aliposema tusisahau panga, wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nilishawahi kuona begi kama hilo likipangwa, kwetu Kinyala, nikiwa darasa la tano, na aliyelipanga hakujua kusoma.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka ya Tukuyu yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Masika ile mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo. Nguo hazikauki, kuni ni moshi mtupu, ndizi na maharage vinaiva kwa kupuliza moto mpaka machozi yakutoke. Siku moja baba akakuta ufa ardhini kwenye migomba iliyo juu ya nyumba yetu, unameza mkono mzima. Mwenyekiti wa kijiji akapita nyumba zote za chini ya kilima: kengele ikigongwa, kila mtu akimbilie kanisani.

Bibi, mama yake baba, akatoa begi la mgongoni la mitumba, akatandika mkeka, akatuambia tulete vifaa. Kuchagua alichagua mwenyewe. Panga, ndani. Jembe, ndani, ila bila mpini. "Mpini tutakata hukohuko." Kamba ya katani. Kinoo. Kiberiti alikizungushia nailoni mara tatu. Tochi mpya ya baba aliiwasha, akaizima, akaitia.

Baba alikuwa seremala. Alileta randa, patasi na msumeno, akaviweka mkekani taratibu. Randa hiyo aliachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Mlio wake ndio uliokuwa ukituamsha kila asubuhi, na maranda yake ndiyo tuliyowashia moto. Bibi alilijaribu begi mgongoni, akalishusha, akavitoa vyote vitatu.

"Mama, hivyo ndivyo vinavyotulisha," baba akasema.

"Begi nabeba mimi, na magoti yangu unayajua. Ninyi mtabeba watoto. Randa haichimbi."

Baba akavirudisha kwenye karakana yake, kando ya nyumba.

Kengele iligongwa siku ya tatu, saa nane mchana. Tukakimbia. Nyuma yetu kilima kikanguruma kama lori linalomwaga mawe, kisha kimya. Nyumba yetu ilisalimika, lakini karakana haikuonekana tena, wala jiko la jirani yetu, mama mjane aliyekuwa amerudi kumfungua mbuzi wake. Tuliporudi tulimsikia akiita chini ya matope na migomba iliyolala. Watu wote walikuwa wamekimbia mikono mitupu. Bibi akafungua begi. Baba akakata mti, akachonga mpini, akaanza kuchimba, huku wanaume wakipokezana panga kukata migomba. Jirani alitolewa mguu umevunjika, lakini hai. "Ndaga fijo," alimshukuru bibi kwa Kinyakyusa, akalirudia neno hilohilo hata walipombeba juu ya mlango kumpeleka hospitali, Makandana.

Baada ya hapo baba alichimba wiki nzima pale ilipokuwa karakana. Hakupata hata msumari. Akaenda kuomba kazi kiwanda cha chai, akakaa huko mpaka alipozeeka.

Siku moja bibi, akimenya ndizi, aliniuliza bila kunitazama, "Nilikosea?" Kumbe baba alikuwa mlangoni. Akaingia, akachukua kisu, akaketi kumenya pamoja naye.

"Jirani anatembea, mama," alisema.

Mwaka jana nilipanda Kinyala. Bibi na baba wote wametangulia. Migomba imepungua, kilima chote ni parachichi, na asubuhi unaamshwa na pikipiki. Kijana mwenye shamba alinitembeza kati ya mistari ya miti, mkarimu sana. Tulipofika mahali fulani nikasimama, nikamwambia kwamba hapo palikuwa na karakana.

"Ya magari?" akauliza.

Nikamwambia hapana, ya mbao, palikuwa na mtu akipiga randa hapa kila asubuhi. Akaitikia kwa adabu, kama unavyoitikia habari za watu usiowajua, tukaendelea kutembea.