Kitanda cha Mama Poni Bandani

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, hasira hunipanda, ingawa ni ya zamani na mvi zimeanza kuniota. Jana ilinirudia nzima nzima. Hapa Lemon Gaba, mtaani kwetu Juba, nilimwona kijana wa jirani, wa rika lako, akipindua katoni ya mitetea katikati ya kuku wakubwa wa mama yake. Akapangusa mikono, akasema, "Watazoeana." Nilimfokea mpaka watu wakachungulia. Sitamwomba radhi.

Neno hilo nililisikia mwaka nilioingia Juba. Nilikuwa nimemaliza sekondari Kitale, nikaondoka nyumbani kwa kutotulia tu, ugonjwa ambao haujaniacha hadi leo. Nilipanga chumba kwa Mama Poni, mjane mwenyeji aliyefuga kuku nyuma ya nyumba. Sauti zao asubuhi zilinikumbusha ua wa mama yangu. Basi nikanunua vifaranga soko la Custom, nikawalea chumbani mwangu mpaka wakaota manyoya kamili. Usicheke. Sikuwa na mtu mji mzima, na wale ndio walionikimbilia nikifungua mlango.

Walipokua, nilimwomba Mama Poni nafasi bandani. Akasema nisubiri, atanionyesha namna ya kuwaingiza. Nikaenda kibarua cha ujenzi upande wa Bilpam, nikamwachia ufunguo Okello, Mganda mpangaji mwenzangu aliyeuza mitumba, awape maji mchana. Harufu ikamchosha. Akabeba katoni, akaimwaga bandani, akafunga mlango.

Niliporudi, mmoja alikuwa amekufa. Mwingine alikuwa amejibana kwenye kona, kichwa kimedonolewa mpaka mfupa unaonekana, na kuku mweusi wa Mama Poni bado alikuwa akimrudia. Nikachukua panga. Nilitaka shingo ya yule mweusi.

"Bwana, kuku ni kuku," Okello akasema, kikombe cha chai mkononi, anacheka. "Wacha, itazoeana. Mimi ilikuja Juba, nani alinikaribisha? Ilipigwa, ikanyang'anywa mzigo, na leo iko sawa."

Mama Poni akatoka jikoni na mwiko wake.

"Ya wele, kijana! Wewe mtoto ya Kenya, weka panga chini. Hii kuku iko na kosa gani? Imeona wageni inamwagwa ndani ya nyumba yake." Kisha akamgeukia Okello. "Na wewe. Siku ile walikupiga, uliumia?"

"Kidogo, Mama."

"Kidogo! Nyumba yote ilisikia wewe nalia. Nani aliosha damu yako?"

Okello akatazama kikombe chake.

"Kama uliumia, kwa nini unacheka mwingine akiumia?"

Mama Poni akaingia ndani, akatoka anakokota angareb yake, kitanda cha mbao kilichosukwa kwa kamba. Akakiingiza bandani, akakisimamisha kwa ubavu, banda likagawanyika. Wakubwa huku, mitetea kule, wakionana kupitia matundu ya kamba bila kufikiana. Kila upande chakula chake na maji yake. Aliyejeruhiwa akampaka dawa ya zambarau, maana kuku akiona wekundu wa damu hudonoa papo hapo, akamweka peke yake mpaka kidonda kikakauka. Baadaye akalegeza kamba za chini. Mitetea wakawa wanapenya kwenda upande wa wakubwa, na wakifukuzwa wanarudi mbio kupitia pale ambapo mkubwa hawezi kupita.

Muda wote huo, mama wa umri ule alilala chini kwenye mkeka. Nilimsihi achukue kitanda changu. "Wewe unaamka kubeba tofali," akanijibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Mwishowe Okello alikuja na mbao na wavu, akapigilia kizuizi, kitanda kikarudi ndani.

Walizoeana, ndiyo. Yule wa kidonda hakuota tena manyoya kichwani, tukamwita Upara. Mwaka uliofuata Mama Poni akaleta wadogo wengine. Unajua nani alikuwa wa kwanza kuurukia wavu ili awadonoe? Si yule mweusi. Upara! Nilisimama pale, sijui hata namkasirikia nani.

"Hiyo ni kuku," Mama Poni akasema. "Haikumbuki. Wewe unakumbuka."

Basi nisikilize, mwanangu. Ukileta mitetea, watenge kwanza uone kama ni wazima. Kisha waweke mahali ambapo wakubwa watawaona bila kuwafikia, na usiharakishe siku za kuku kwa sababu una haraka zako. Usimwingize mmoja peke yake kamwe. Weka zaidi ya chombo kimoja cha chakula, na pa kujificha pawepo. Damu ikionekana, mtoe aliyeumia saa ileile. Na siku utakapokuwa mkubwa wa karakana au wa ofisi, akaja mgeni na mfuko wake mkononi, hajui akae wapi, usithubutu kumwambia kwamba hata wewe ulipigwa. Hiyo si sababu. Nimeisikia katika kila mji niliopita, na imenichosha.

Mungu akutangulizie mtu wa kukufungulia mlango kila uendako, na asikuache umsahau aliyekuosha damu.