Bwana arusi wa sukari alivaa kravati

Ndugu zangu, leo karibu nifungwe juu ya keki!

Moule yangu, kile kifinyangio cha kutengenezea bwana arusi wa sukari, niliachiwa na mama mumoja muzungu. Kila bwana arusi anatokamo na kravati shingoni.
Na munajua, mu Zaïre hii kravati ni kesi: serikali ilizikataza, ati ni nguo ya wazungu.

Basi nikamupaka chokoleti mwili muzima. Akawa na abacost safi, ile koti ya serikali ya bila kravati, kola imefungwa. Nikamusimamisha juu ya keki, pembeni ya bibi arusi wake wa sukari, nikajisifu kabisa.

Kufika mu salle ya arusi kule Kadutu, batu wamejaa, joto kama ya tanuru yangu.
Chokoleti ikaanza kushuka.
Kravati ikachungulia.

Citoyen commissaire, mukubwa wa serikali na mugeni wa heshima, akainama karibu na keki.
"Citoyenne, huyu mutu yako iko amevaa nini?"

Orchestre ikakata muziki.

Hapo nyanya ya bibi arusi, koko asiye na jino hata moja, akanyoosha mukono, akamunyakua yule bwana wa sukari, akamutia mu kinywa. Akamunyonya polepole, anamuangalia commissaire.

"Kravati gani, papa?"

Commissaire akacheka mpaka machozi.

Lakini semeni ninyi: keki haijakatwa, na bibi arusi wangu wa sukari ashakuwa mujane. Nani atamupa pole?